Kifungu cha Sita

11 Februari

Shangazi,

Leo nitaanza na kosa, salamu zitafuata, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Unanijua. Kuna jambo nimelifanya na sijamwambia mtu, si Mama, si Bibi, si rafiki yangu wa dawatini, na hata kwenye sala sijalitaja waziwazi. Nimeruka kifungu. Lile Tamko ambalo Baba alinipa nilitafsiri lilikuwa na vifungu tisa. Nililomrudishia mimi lina vinane.

Haya, nimeshaandika.

Shikamoo. Sisi hatujambo. Bibi anakula vizuri, ila goti la kushoto linamsumbua na anamlaumu fundi viatu. Mama bado yuko ofisi ya maji, dirisha lilelile la malalamiko. Anasema mtu akifokewa asubuhi nzima kwa ajili ya mabomba, akirudi nyumbani anatuona malaika. Mdogo wangu kang'oka meno mawili ya mbele, siku hizi anacheka kaziba mdomo kama bibi harusi. Baba mzima, anahubiri.

Sasa nirudi kwenye lile. Sijui kama habari zimekufikia huko. Tangu sinodi ya dayosisi yetu ibadilishe kitabu cha ibada, Baba hana raha. Anasema kuna maneno mle ambayo akijaribu kuyasoma madhabahuni ulimi unamgoma. Basi mwezi wa kumi akapata barua ya Mtandao. Ni parokia za kanisa letu hilihili la Kianglikana zilizokataa mabadiliko, zimeshika Kitabu cha Sala cha zamani na utaratibu wa zamani, na zimejiweka chini ya askofu wao. Kila mwezi wanatuma jarida la habari kwa Kiingereza. Baba Kiingereza anakisoma, lakini kama mtu anayetembea kwenye sakafu yenye maji: anafika, ila hathubutu kutazama pembeni. Kwa hiyo jarida ananipa mimi. Nalitafsiri kwenye daftari, na Jumapili, baada ya matangazo, yeye analisoma.

Mwezi wa kumi parokia zilikuwa arobaini na moja. Mwezi uliopita, sitini na tatu. Kila namba Baba anaisoma mara mbili. Na nikwambie ukweli, Shangazi, napenda. Mimi ambaye mwalimu akinitaja darasani nageuka kuwa dawati, kila Jumapili nasikia sentensi zangu zikitoka kwenye kinywa cha Baba, na watu wazima wanaitikia kwa vichwa.

Kisha likaja hilo Tamko, ambalo parokia ikitaka kujiunga lazima ilikubali. Kifungu cha sita kinasema hakuna mwanamke atakayesimama madhabahuni kuongoza Meza ya Bwana. Na kwamba waliokwisha kuwekewa mikono kwingine hawatatambuliwa kuwa makasisi, wala parokia haitashiriki nao Meza. Nilisoma neno "waliokwisha" nikakuona wewe, na kola yako ya ukasisi, kama ulivyo kwenye ile picha ambayo Bibi anaiweka chini ya mto. Nikafungua ukurasa unaofuata. Cha saba nikakiita cha sita, cha nane nikakiita cha saba, hivyohivyo mpaka mwisho, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Usiniulize kwa nini.

Mwezi wa sita, tarehe kumi na nne, Bibi anatimiza miaka themanini. Kila siku anasema ibada ya shukrani utaiongoza wewe, hapa kwetu, na mkate ataupokea mkononi mwako. Baba hasemi ndiyo wala hapana. Anapandisha miwani.

Tafadhali unijibu kwa sanduku la shule. Mwalimu wa jiografia ndiye anayeleta barua, na anadhani nina rafiki wa kuandikiana. Si uongo.

Mwanao,
Kimya


6 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinikuta natoka wodini nikiwa na njaa, nikaisoma nimesimama, na njaa ikaisha.

Huku tupo. Hospitali imejaa mpaka kanisa langu la humu ndani wamelikata katikati, nusu ni stoo ya magodoro. Nahubiria wagonjwa sita na magodoro arobaini, na wanaosinzia si magodoro. Goti la kushoto la Bibi yako nalijua vizuri, la kwangu limeanza kufanana nalo. Mpelekee busu, ukiweza usimwambie limetoka wapi.

Mtandao naujua. Parokia mbili za huku zimejiunga. Moja ni ya kasisi niliyesoma naye chuoni. Tulikaa meza moja miaka mitatu, tukigombania kamusi moja. Siku ya kuondoka alinipigia simu kuniaga, akaniita "dada yangu". Hakuniita kasisi. Tukazungumza habari za watoto wake, tukaagana. Si watu wabaya, usije ukadhani hivyo kwa ajili yangu. Wanaamini wanachokisema. Baba yako naye ni hivyo tangu mtoto: akikuahidi embe, analeta embe, hata kama analia.

Ulichofanya si kidogo na sitakubembeleza. Baba yako anataka kuwaambia watu wake waweke imani yao kwenye karatasi ambayo yeye mwenyewe hajaiona yote. Lakini ufanye nini, sitakuambia. Mimi ndicho hicho kifungu, mwanangu. Kifungu hakiwezi kuwa hakimu.

Umesema nisikuulize kwa nini. Siulizi. Na wewe usiniulize habari ya mimi na baba yako, wala siku niliyowekewa mikono. Ni miaka tisa, na imekaa vizuri ilipo.

Soma vitabu vyako. Kula.

Shangazi yako


25 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata Alhamisi, nikaisomea kwenye choo cha shule, samahani. Nyumbani wazima. Mdogo wangu jino moja limeanza kuchomoza, amerudia kucheka kama kawaida. Mama ana mafua. Busu lako nilimpa Bibi, akanusa shavu, akasema, "Hili si lako."

Mtandao sasa ni parokia sabini na mbili. Jarida la mwezi huu lilikuwa na habari ya parokia iliyopoteza jengo, wanasalia kwenye gereji ya magari, na kasisi wao katolewa kwenye nyumba kwa sababu nyumba ni ya dayosisi. Niliitafsiri yote, neno kwa neno, siku hizi siruki hata mkato. Baba alipoisoma mezani, Mama akauliza, sahani mkononi, Bibi atalala wapi. Baba akasema Mungu atatupa. Mama akasema anajua Mungu atatupa, anachouliza ni mtaa gani.

Baraza la parokia lilikaa Jumatano. Watu kumi na mmoja mbali na Baba, kwenye chumba cha kuvalia majoho, na mimi pembeni, kwa sababu kumbukumbu za kikao naandika mimi tangu katibu ahame. Mwenyekiti ni yule fundi cherehani tunayemwita Sentimeta, akikutazama unahisi anakupima kiuno. Baba akasoma Tamko. Vifungu vinane. Sentimeta akauliza kama humo ndani kuna chochote kinachomgusa mtu wetu, kisemwe sasa. Baba akajibu hakuna, amelisoma lote. Alikuwa ameshika karatasi yangu, Shangazi. Mikono kumi na mmoja ikapanda.

Katibu wa Mtandao atakuja tarehe saba mwezi wa sita kutupokea. Atasimama na Baba madhabahuni, atasoma Tamko kwa lugha mbili, kifungu kwa kifungu, watu waitikie, kisha Baba atie sahihi. Lake litakuwa na vifungu tisa. Wiki moja kabla ya ibada ya Bibi. Tangu Jumatano silali vizuri.

Halafu kuna jambo jingine. Nilikuwa namkata Bibi kucha, nikamuuliza lile ulilonikataza nisikuulize wewe. Hukunikataza nisimuulize yeye. Akaniambia kwamba juma lile ulipowekewa mikono, Baba aliaga anakwenda semina ya makasisi. Aliporudi, Bibi akafua koti lake, akakuta mfukoni karatasi ya utaratibu wa ibada yako, imekunjwa mara nne. Alipombana, Baba akakiri. Alisafiri siku nzima. Alipofika mlangoni wakampa hiyo karatasi, mguu ukakataa kuvuka. Akakaa nje, ukutani penye baiskeli, mpaka wimbo wa mwisho. Bibi anasema hakuweza kuingia na hakuweza kukosa kuja.

Alinikataza kukuambia. Kwa hiyo sasa nina makosa mawili.

Na lile la kwa nini, nitasema, maana limenijaa. Sikuogopa kwamba Baba akikisoma kifungu atakataa kujiunga. Niliogopa atakisoma, na atakubali.

Kimya


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Bibi hajambo, Mama amepona, parokia ni themanini na moja.

Huandiki. Mwalimu wa jiografia akiingia na bahasha nageuka, halafu zinakuwa za wengine. Nimekukosea kwa kukuambia lile la Bibi? Kama nimekukosea, niandikie neno moja tu la kunigombeza, nitalishukuru.

Jana Baba aliniomba nimwandikie Tamko upya kwenye karatasi nzuri, la kubandika mlangoni mwa kanisa. Nimemwambia nina mtihani. Sina mtihani.

K.


29 Aprili

Mwanangu,

Hukunikosea. Hatujambo huku, magodoro yamehamishwa, sasa nahubiria mwangwi.

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua tatu na nimezichana tatu. Hii ya nne sitaisoma tena, nitaifunga ikiwa moto.

Nilimwona.

Tulikuwa kwenye msafara, wawili wawili, tunaingia kanisani. Nikageuza kichwa, naye pale ukutani kati ya baiskeli, kavaa lile koti, kashika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja msibani. Na yeye alikuwa anatazama viatu vya watu. Ningetoka kwenye mstari hatua kumi tu. Nilijiambia nitatoka baada ya ibada. Baada ya ibada nikajiambia ameshaondoka, na sikwenda kuhakikisha. Miaka tisa nimemwacha adhani dada yake hajui alikuja. Nilitaka awe hakuja, mwanangu. Ilikuwa rahisi zaidi kumkasirikia.

Basi na mimi nimeruka kitu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri vilevile.

Nilisema sitakuambia ufanye nini. Naondoa neno langu. Mwambie. Si kwa ajili yangu wala ya ibada ya Bibi. Asije akakisikia mara ya kwanza kutoka kwa mgeni, mbele ya watu wake, amesimama.

Shangazi yako


21 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bibi hajambo, ameanza kuchagua kitambaa cha kichwani, tayari vimekataliwa vitatu. Mama mzima. Mdogo wangu meno yote mawili yameota, yamepishana kidogo, amekasirika. Mtandao ni parokia tisini na nne, pamoja na yetu ikihesabiwa. Wameshatuhesabu.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu. Siku nne niliitembeza ndani ya soksi. Jumapili, watu wameshatoka, nikamkuta Baba peke yake kwenye chumba cha kuvalia, anakunja joho. Nikasema, "Baba, vifungu ni tisa." Alidhani nazungumzia mtihani. Nikatoa karatasi ya Kiingereza, nikaweka kidole kwenye cha sita.

Akasema, "Soma." Nikasoma kwa Kiswahili. Akasema nisome tena, polepole. Nikasoma tena, na "waliokwisha" nikaitamka silabi kwa silabi. Kisha, sijui niliupata wapi ulimi, nikamwambia na lako pia. Kwamba nakuandikia. Kwamba ulimwona pale penye baiskeli.

Akakaa juu ya sanduku la mishumaa. Akavua miwani. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa makelele, nimejiandaa hata kwa kofi, ingawa hajawahi kunipiga. Mtunza kanisa alifagia sehemu yote ya kwaya, akamaliza.

Halafu Baba akasema, "Naamini hicho kifungu, mwanangu. Neno kwa neno. Hata ungekiandika, ningeamini."

Lile nililolikimbia tangu Januari, basi, ndilo hilo. Lilitoka likasimama mbele yangu na halikuwa na kelele yoyote.

Nikasema naomba msamaha. Akasema, "Lakini ningekuwa na miezi minne ya kutafuta namna ya kumwambia dada yangu. Umeninyima miezi minne." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Jana baraza likakaa tena, yeye ndiye aliyeliita. Nilikuwa pembeni na daftari la kumbukumbu. Akasimama, akawaambia kwamba kwenye Tamko alilowasomea kifungu cha sita hakikuwemo. Akakisoma. Akasema aliwaambia amelisoma lote, na hakuwa amelisoma lote, na kosa ni lake. Mimi kalamu ikasimama. Jina langu halikutajwa, Shangazi. Wanajua wote natafsiri mimi, na jinsi alivyosimama hakuna aliyethubutu kunitazama. Akageuka, akaona siandiki. Akasema, "Andika." Nikaandika, kwa mwandiko wangu, kwamba Kasisi alikiri kosa ni lake. Limo kwenye daftari. Litasomwa kikao kijacho na kuthibitishwa.

Mkunga mstaafu, yule anayekaa karibu na dirisha, akasema amezalisha nusu ya baraza hilo na hakuna aliyewahi kuuliza kama mikono yake inaruhusiwa. Wakacheka, hata Sentimeta. Kisha Sentimeta akaacha kucheka, akauliza kwa upole, "Na dada yako, Kasisi?"

Baba akasema, "Ni dada yangu."

Wakapiga kura upya, saba kwa wanne, tunajiunga. Baba hakupiga. Na ile ibada ya tarehe kumi na nne itaongozwa na yeye, kwa kitabu cha zamani. Nimeandika na hilo. Bibi bado hajaambiwa, ndiyo maana anachagua vitambaa.

Sasa nisikilize, maana hii ndiyo sababu ya barua. Leo nimerudi kutoka shule nikamkuta Baba kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, ananisubiri, jambo ambalo hafanyi. Akaniambia, na nimeyashika maneno kama yalivyo: "Mwandikie shangazi yako. Tarehe saba natia sahihi. Tarehe sita bado sijatia."

Sikuelewa mara moja. Nikauliza, aje kanisani? Akasema kanisa ameshawaahidi watu. Akasema chumba cha mama yake hajamwahidi mtu. Kuna meza ndogo pale ya dawa, inatosha. Uje na kola yako, uje na vyombo vyako, Bibi aupokee mkate mkononi mwako kama anavyotaka. Hiyo ni Jumamosi. Jumapili asubuhi Katibu anakuja, na kuanzia hapo sijui nyinyi wawili mtaitana nani.

Nikamuuliza, "Na wewe utakuwepo chumbani?" Akasema taa ya Bibi imeanza kupepesa, lazima abadilishe globu kabla ya wageni. Akaenda kutafuta globu.

Sijui hiyo ni ndiyo au hapana. Nimekaa nayo tangu alasiri. Mama naye nimemuuliza, akasema mumewe haulizwi jambo mara mbili, ila amemwona akipima kwa hatua kama kiti cha tatu kitaenea kati ya kitanda na kabati.

Barua zangu hukufikia kwa siku kumi, kumi na mbili. Yako ya mwisho ilichukua kumi na nne. Kuanzia leo mpaka tarehe sita ni siku kumi na sita. Nilimwomba Baba ampigie mtu wa hospitali simu, akaishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akasema wewe andika, mwandiko wako anaujua. Kesho mwalimu wa jiografia anakwenda posta, nilimwomba leo darasani, kabla ya haya ya Baba, barua ya kukusimulia kikao aipeleke kwa mkono wake mpaka dirishani, akanitazama akasema rafiki huyo lazima ni mtu muhimu. Nikasema ndiyo kwa sauti. Darasa zima likageuka.

Ukifika, usimtajie Baba habari ya kikao. Asijue nimekuambia kwamba alilibeba kosa langu mbele ya watu. Hilo hataki lijulikane na mtu, na wewe hasa. Nilitaka nilifute hapo juu, nikakumbuka nimeshaacha kuruka vitu.

Kuna mtu anakuja kwenye korido. Ni Baba, ana viatu vya kanisani, hajavivua tangu mchana. Amepita mlango wa Mama. Amepita wa Bibi. Naificha ndani ya atlasi. Njoo tarehe sita, Shangazi, hata kama